Nyota Aliyoonyeshwa Mhagama

Niliiona tena mwezi uliopita, jioni, nikiwa nimelala chali kwenye mkeka uani nikingoja ugali. Mama mwenye nyumba ninayopanga hapa Msamala alikuwa akinisimulia habari za jirani aliyeibiwa kuku, nami nilikuwa nikiitikia “ehe” bila kusikiliza, macho yakiwa juu. Ilikuwa karibu na utosi, pembeni ya ule ukungu mweupe unaokata mbingu, mahali ambapo kwa zaidi ya miaka thelathini sikuwa nimeona kitu. Nyota ndogo tu. Mtu asiyezoea angeipita kama anavyoipita punje iliyoanguka njiani. Mimi niliketi ghafla hata mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimeng'atwa na siafu. Nikamwambia nyota imerudi. Akatazama juu, akarudi kutazama chungu chake, akasema, “Mzee Chande, nyota zinarudi kila siku. Wewe njoo ule kabla hakijapoa.”

Sikumlaumu. Katika nchi hii yote nilimjua mtu mmoja tu ambaye angeelewa maneno yale, naye ni Asumini, anayeishi Maposeni. Nilikuwa nimerudi Songea tangu kabla ya mvua zilizopita, na kila wiki nilipata sababu mpya ya kutokwenda kumsalimu: mara goti, mara matope, mara viatu. Usiku ule sababu zote ziliisha. Niliamua alfajiri nitafute fimbo niende, na nilijua vizuri kwa nini naenda. Nilitaka niwe mtu wa kwanza kumpa habari ile. Mara moja katika maisha yangu nilitaka niwe wa kwanza kwa Asumini, na njia nzima, kutoka hapa hadi kule, nilikuwa nikitembea ndani ya mwaka mmoja wa zamani.

Mwaka ule Wajerumani walikuwa wakijenga boma lao. Wanaume wa vijiji vya karibu walikuwa wakiswagwa kubeba mawe, na mchana kutwa tulisikia filimbi za askari na sauti za watu waliochoka wakihesabiana mapigo. Mimi nilifika kutoka Tunduru na msafara wa wapagazi, kichwani furushi la nguo za mfanyabiashara. Chuo nilikuwa nimekiacha kabla sijafika nusu ya Kurani. Mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nikachoka na fimbo yake. Nilikusudia kulala Songea siku mbili tatu kisha niendelee hadi Nyasa, kwa sababu wapagazi walisema huko kuna maji ambayo huwezi kuona ng'ambo yake, na mimi sikuwa tayari kuliamini jambo hilo kwa kuambiwa. Badala yake nikakaa. Bwana Mfaume, Myao mwenzangu aliyekuwa akinunua masega ya nyuki na kuyeyusha nta ya kupeleka pwani, alihitaji mtu wa kuchochea moto, na alinikuta nimesimama mlangoni pake namuuliza kwa nini nta inaelea na maji hayaelei.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja alilala yeye na mkewe, Bi Hadija. Cha pili kiliwekwa nguo na shanga za kubadilishana na masega, na humo ndimo alimolala Asumini, mtoto wa dada yake, aliyelelewa pale tangu mama yake alipofariki. Cha tatu kilikuwa cha nta, na kwa kuwa mwizi wa nta hupita mlangoni, nililazwa humo niwe kufuli. Madonge yalipangwa ukutani kama mawe ya kusagia, ya manjano na ya kahawia, na harufu yake siku za kwanza nilidhani ni ya peponi. Baada ya wiki mbili ilikuwa ndani ya nguo, ndani ya nywele, ndani ya ugali. Asubuhi nyuki waliingia kupitia upenyo wa paa kutafuta mali yao, wakazunguka juu ya uso wangu, wakaondoka. Chakula kilikuwa ugali mweusi wa ulezi, maharage au majani ya maboga, na siku ya kukamua masega Bi Hadija alitugawia asali iliyobaki kwenye gunia, tukiichovya kwa vidole na kutema makapi uani. “Kula, mwanangu,” aliniambia, “mdomo ukijaa angalau tunapumzika.”

Kuta zilikuwa nyembamba. Nilikuwa nikisikia Bwana Mfaume akijigeuza kitandani, na nilikuwa nikisikia mashauri yake na mkewe. Jioni moja nilisikia jina langu.

“Asumini amefika umri,” alisema Bwana Mfaume. “Nami ndiye mjomba wake. Huyu Chande ni wa kwetu, Mwislamu, baba zake nawajua.”

“Kazi anaweza?” aliuliza Bi Hadija.

“Maneno anaweza.”

“Maneno hayajengi nyumba.”

“Atatulia akioa. Tuvune kwanza, kisha nitamwita nimwambie.”

Nilibaki gizani nimeshika pumzi, nta imenizunguka pande zote. Tangu jioni ile nilimtazama Asumini kama mtu anavyotazama shamba aliloambiwa litakuwa lake. Yeye hakuwa ameambiwa chochote. Sasa nikiwaza naona kwamba wivu wangu ulizaliwa usiku ule, hata kabla hajatokea mtu wa kumwonea. Mtu akishaambiwa kitu kitakuwa chake huanza kukilinda, na akianza kulinda haoni tena kitu chenyewe, anaona mikono ya watu tu.

Kazi ya nta ina sehemu moja ambayo haina haraka. Ukishayeyusha masega ndani ya maji, ukakamua kwenye gunia, ukaiengua nta na kuimimina katika vyungu vipana, huwezi kuiacha. Ikipigwa na upepo inapoa juu kabla ya chini, nayo inapasuka, na donge lililopasuka wanunuzi wa pwani hulishuku kwamba limetiwa mchanga. Kwa hiyo mtu hukaa kando yake na makaa kidogo, amefunika mkeka, anaufunua na kuufunika, mpaka igande. Kazi hiyo ilikuwa yangu na Asumini, baada ya sala ya isha. Bi Hadija alikuwa jikoni hatua chache, mlango wazi, akituona na kutusikia.

Huko ndiko nilikojua kwamba Asumini ana mbingu yake. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa amelala chali kando ya vyungu vile tangu utotoni, na kwa kukosa la kufanya alizipa nyota majina ya vitu vya jikoni: mwiko, kata, mafiga. Kulikuwa na nyota zilizozunguka sehemu kubwa tupu, na hizo aliziita ungo.

“Kwa nini ungo? Mbona inaweza kuwa sahani?” niliuliza.

“Kwa sababu mimi ndiye niliyetazama.”

“Na ndani yake mbona hamna kitu?”

“Zimepepetwa.”

“Nani kapepeta?”

“Chande,” alisema, “ukiacha kuuliza mpaka makaa haya yaishe, utakufa?”

“Sijajaribu.”

Alicheka, na Bi Hadija naye akacheka kule jikoni. Mimi nilikihesabu kicheko kile kuwa changu. Niliamini kwamba ungo ule, na mafiga, na kata, vilikuwa vyombo vya nyumba yetu ya baadaye.

Mhagama alikuja na masega. Alikuwa Mngoni wa Maposeni, mpanda miti, kijana wa rika langu lakini mpana mara mbili, na mikono iliyojaa makovu madogo ya miiba ya nyuki. Alibeba masega ndani ya kilindo cha gome, akakitua taratibu, akasema “hodi” na baada ya hapo hakusema tena mpaka “kwaherini.” Bi Hadija alimpenda kwa sababu alikula chochote na kusafisha bakuli. Mimi niliuona ukimya wake ni upungufu. Nilijaribu kumchokoza. Nilimuuliza nyuki hulalaje, mtu akianguka mtini huwaza nini njiani, moshi upi unawalewesha zaidi. Alinijibu kwa kuinua mabega, akamtazama Asumini, na Asumini akainamisha kichwa kuficha meno.

Bi Hadija ndiye aliyenieleza desturi ya watu wa nyuki wa pale, siku nilipomuuliza kwa nini mzee mmoja alikuja kulalamika kuhusu mti. “Mwanamke hapandi mti wa nyuki,” alisema. “Lakini macho anayo. Akiona nyuki wanaingia tundu, anachanja gome, alama yake. Kisha anamchukua mwanamume mmoja, anamwonyesha. Hamwambii mtu mwingine. Huyo ndiye apandaye, na asali wanagawana. Ukiupigia kelele mti, basi, kila mwenye shoka ni wake.”

“Anamwonyesha nani?”

“Baba. Kaka. Mume kama anaye.”

“Na kama hana mume, akamwonyesha mtu wa nje?”

Bi Hadija alinitazama kana kwamba nimeuliza maji hutoka wapi. “Basi wazee waanze kuulizana habari za mahari,” alisema. “Hakuna msichana anayeonyesha mti kwa bahati mbaya.”

Nililiweka jambo hilo kichwani pamoja na mengine mengi niliyoyauliza, nikafikiri ni la miti.

Ilikuwa wakati wa baridi, nyasi zimeanza kukauka, anga limesafishika. Jioni moja nilimkuta Asumini amefunua mkeka kabla ya wakati. Nta ilikuwa imeanza kushika ngozi juu, laini bado, na yeye alikuwa na punje za ulezi kiganjani. Alikuwa akizibandika moja moja kwenye donge na kuzikandamiza kwa ncha ya kidole. Zilikaa mviringo, na moja aliiweka pembeni, ukingoni. Aliinua uso juu, akaushusha, akaisogeza ile moja kidogo.

“Unaharibu nta,” nilimwambia. “Mjomba wako atasema nini wakipima?”

“Punje za ulezi zina uzito gani?”

“Zikiwa nyingi zina uzito.”

“Basi zihesabu,” alisema, akafunika mkeka.

Mwaka mzima niliuliza kila kitu. Niliuliza sababu ya chumvi na sababu ya kivuli. Jioni ile, nikiwa nimeketi karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, nilichouliza kilikuwa habari za mizani.

Kesho yake Mhagama alikuja na kilindo chake, akala, akatoka kunawa mikono karibu na ua, giza limeshaingia. Asumini alimfuata na kata ya maji. Nilikuwa ninachochea moto. Niliwaona wamesimama bega kwa bega, na mkono wa Asumini umeinuka. Nilidhani anamwonyesha mahali paa linapovuja. Mhagama alisimama pale muda mrefu mno kwa mtu anayetazama paa, na moyo wangu ukaniambia kitu, lakini sikuwa na swali la kuuliza, nikapuliza moto mpaka jivu likanijaa machoni.

Jioni iliyofuata niliiona. Nilikuwa nimelala chali, peke yangu, Asumini akiwa ndani. Nilitazama ungo, na ukingoni mwake palikuwa na punje. Nilifumba macho nikafumbua. Ilikuwapo. Nyota ambayo haikuwapo ilikuwapo. Sijui kama kuna furaha niliyowahi kuipata inayolingana na ile, na kwa sababu ni furaha ya mtu mwenye mdomo, niliruka nikapiga kelele.

“Jamani! Tokeni nje! Nyota mpya! Tokeni!”

Bi Hadija alitoka na upawa. Bwana Mfaume alitoka na tasbihi. Mhagama, aliyekuwa amebaki kwa sababu nyota hiyo hiyo labda ilimshika, alitoka nyuma ya nyumba alikokuwa akipasua kuni. Niliwaelekeza kwa kidole mpaka mkono ukachoka. Bi Hadija alisema haoni kitu ila moshi. Bwana Mfaume alitafuta, akaipata, akasema, “Subhanallah.” Mimi sikuwa nikitazama juu tena. Nilikuwa nikimtazama Asumini aliyesimama mlangoni, nikingoja anisifu. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji aliyoyabeba kutoka mbali.

“Ile?” alisema Mhagama. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya siku. “Nimeonyeshwa jana.”

“Na nani?” aliuliza Bwana Mfaume.

Mhagama alimtazama Asumini. Bi Hadija aligonga upawa kiganjani, akacheka kicheko cha chini, kisha kikapanda. “Ehee! Mjomba mtu, mti wako umekwishachanjwa!”

Sikuelewa kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikaelewa yote. Nikaanza kubishana, kama ilivyo kawaida yangu. “Si mti huu! Na hata kama ni mti, nimeupigia kelele. Mti uliopigiwa kelele hauna mwenyewe. Bi Hadija mwenyewe aliniambia!”

“Kelele zako zimekuja nyuma,” alisema Bwana Mfaume polepole. Alikuwa amefunga uso, kwa sababu naye mashauri yake yalikuwa yakivunjika. “Lakini alama ni alama. Asumini, kama ulichanja, gome liko wapi?”

“Ndiyo!” nilisema. “Gome liko wapi? Nani anaweza kuchanja mbingu?”

Asumini aliingia chumba cha nta, chumba nilicholala. Alirudi na donge lililokuwa limewekwa ukutani juu kidogo ya kichwa changu, akaliweka chini mbele ya mjomba wake, karibu na moto. Punje za ulezi zilionekana zote, mviringo, na ile moja ukingoni. Bwana Mfaume aliinama, akainua kichwa, akainama tena, kama mtu anayelinganisha nyuso mbili za ndugu.

“Lini?” aliuliza.

“Juzi,” alisema Asumini. “Mjomba, Chande alikuwapo. Muulizeni.”

Wote wakanigeukia. Mhagama pia alinigeukia, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikasema kweli. Juzi, kabla ya mtu yeyote kuonyeshwa, alikuwa na ulezi mkononi na alikuwa akitazama juu. Mimi ndiye niliyemtolea ushahidi. Hakuna shahidi mwingine aliyekuwapo.

Bwana Mfaume hakukubali kirahisi. Mhagama hakuwa Mwislamu, na mjomba mtu hawezi kumtoa binti wa dada yake kwa sababu ya kitu kinachong'aa. Alitafakari siku kadhaa. Siku hizo nyota nayo ilianza kufifia. Iligeuka nyekundu kama kaa linalofunikwa na jivu, ikawa ya kubahatisha, kisha jioni moja nilitazama mpaka machozi yakatoka nisiione. Sijawahi kufurahia giza namna ile. Nilimngoja Mhagama alete masega, na alipotua kilindo nikamwambia mbele ya watu wote, “Haya, mti wako umekauka. Nenda kapande sasa.”

Alifikiri. Alikaa chini, akafungua kilindo, akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia. “Kuna mti wa Mpitimbi. Nyuki walihama nikiwa mdogo. Baba hakuukata wala hakumpa mtu. Wakarudi, tundu lile lile. Wakahama tena, wakarudi tena. Mti huo hatuuachi.”

“Kwa hiyo nyota itarudi?”

“Sijui nyota,” alisema. “Najua pale ni mahali pake.”

Bwana Mfaume alimsikia. Jioni ile alitoa hukumu: Mhagama ajifunze sala, asilimu, kisha atasikilizwa. Wala shehe hakuwapo karibu. Katika nyumba ile mtu pekee aliyekuwa amekaa chuoni kiasi cha kuweza kumfundisha mwenzake Fatiha, na asiyekuwa na kazi ya maana asubuhi, nilikuwa mimi.

Nimefanya kazi nyingi za kudharauliwa katika maisha yangu. Nimesafisha mabanda ya nyumbu, nimechimba makaburi ya wagonjwa wa ndui. Hakuna iliyokuwa nzito kama kuketi asubuhi kwenye gogo na Mhagama, namfundisha maneno yatakayompa Asumini. Nilitaka ashindwe. Nilimsomea haraka haraka. Alirudia taratibu. Nilimsomea kwa puani kama mwalimu wangu wa Tunduru. Alirudia kwa puani. Ulimi wake wa Kingoni ulijikwaa kwenye “dhaalin” kila siku, na kila siku aliparudia kama anavyotafuta pa kukanyaga kwenye shina lenye utelezi, mpaka akapata. Hakuuliza maana hata mara moja. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza mimi, “Hutaki kujua unasema nini?”

“Nitajua nikiisha kusema,” alijibu.

Kutoka jikoni nilisikia Asumini akiirudia sentensi ile kwa sauti ndogo, akijichekea. Mimi nilikuwa nimesema maneno elfu pale uani, na hakuna moja alilorudia.

Walioana kabla ya mvua. Bi Hadija alipika wali na mbuzi, ngoma ikapigwa ya Kiyao na ya Kingoni kwa zamu, na hata askari wawili wa boma walikuja kula. Nilimvizia Asumini alipokuwa anaoshwa miguu mlangoni, nikamuuliza, kwa sababu sikuweza kuondoka bila kuuliza. “Kwa nini hukunionyesha mimi? Nilikuwa nimekaa kando yako.”

“Ulikuwa umekaa,” alisema. “Nilikungoja uinue kichwa. Wewe ukapima nta.”

Kesho yake niliondoka na msafara wa Nyasa. Maji niliyaona. Ni kweli ng'ambo haionekani. Nilisimama ufukoni nikangoja kufurahi, kisha nikaenda kutafuta kazi.

Vita vya Maji Maji vilinikuta mbali, upande wa Lindi, nikipika kwa mfanyabiashara mmoja. Habari za Songea zililetwa na wapagazi vipande vipande: mashamba yaliyochomwa, ghala zilizomwagwa, watu wanaochimba mizizi porini, wakubwa wa Wangoni walionyongwa. Bwana Mfaume na mkewe walikuwa wamehamia Tunduru kabla. Mhagama alikwenda vitani na wenzake wa Maposeni na hakurudi, wala alikoangukia hakuna aliyeweza kusema. Nilimlilia, maana nilikuwa nimemfundisha. Halafu, machozi hayajakauka, nikajikuta nikihesabu eda ya mkewe. Nilituma salamu kwa wapagazi, mara moja, mara ya pili. Salamu zilikwenda. Nimewaza miaka mingi kwa nini sikuzifuata kwa miguu, mimi niliyefuata kila kitu kingine, na jibu ni kwamba niliogopa kufika na kukuta Mhagama, ingawa amekufa, bado yuko pale nyumbani zaidi kuliko nilivyowahi kuwa mimi.

Basi mwezi uliopita nikaenda. Na njiani, Mungu anisamehe, sikunyamaza. Mwanamke aliyekuwa akifua mtoni nilimwambia. Wanaume waliokuwa wakitengeneza daraja la miti niliwaambia, nikawaonyesha na mahali pa kutazama. Mwalimu mmoja aliyekuwa akipanda kilima akisukuma baiskeli nilimweleza mambo yote, ungo na ukingo, naye akanishukuru, akapanda baiskeli yake, akanipita.

Asumini alikuwa barazani, anachambua maharage. Amekonda, nywele nyeupe chini ya kanga, lakini macho ni yale yale.

“Karibu, Chande,” alisema bila kushtuka. “Habari zako zimetangulia kwa baiskeli.”

“Hujambo, Asumini?”

“Sijambo. Umezeeka.”

“Na wewe.”

“Mimi nimezeeka taratibu, watu wakiniona. Wewe umezeeka mara moja.” Alinisogezea kigoda. “Mwalimu amepita akitangaza mpaka kwa mbuzi. Nyota, nyota.”

“Basi subiri jua lizame,” nilisema, nikiwa bado sijakaa. “Nitakuonyesha ilipo.”

“Naiona tangu juzi.”

Swali lilitoka kabla sijavuta pumzi. Nina umri wa kuwa babu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana wa chumba cha nta. “Umemwonyesha nani?”

Ana wana wawili wakubwa. Ana wakwe, majirani, wanawake anaokwenda nao kisimani. Aliokota punje moja mbovu, akaitupa, akaokota nyingine.

“Sijamwonyesha mtu,” alisema. “Wa kumwonyesha hayupo.”

Nilikuwa nimesimama mbele yake, vumbi hadi magotini.

Alinipikia. Tulikula ugali na maharage yale yale, mkwewe akaja kunisalimu, shikamoo, marahaba, akaenda zake. Jua likazama, na nyota zikaanza kutoka moja moja, ungo ukakamilika juu ya baraza, na ukingoni ile ndogo, imeanza tayari kuwa nyekundu. Asumini aliinua uso. Nilitaka kumuuliza kama alitazama pale kila mwaka, kama alipotazama alikuwa na njaa, kama aliwahi kutilia shaka. Nikauliza moja tu.

“Alisema nini, siku ile ulipomwonyesha?”

“Hakusema kitu,” alijibu, akitabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa linakwenda juu, halikupita kwangu. “Alitazama tu, mpaka shingo ikamuuma.”

Nami nikatazama. Nilifunga mdomo, nikatazama mpaka shingo ikaniuma, na bado nyota ilikuwa ya Mhagama.